Shikamoo kwanza, shida baadaye: ninavyoendesha timu isiyoonana

Kijana wetu wa Mwanza alikuwa amekwama siku nne, nami sikujua. Kila asubuhi nilimuuliza kwenye kundi ripoti za mteja zimefika wapi, na kila asubuhi alinijibu, "Zinaendelea vizuri, kaka." Siku ya tano mteja akanipigia mwenyewe. Kumbe ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wa mteja ilikuwa imeisha muda tangu Jumatatu, na dogo hakujua amwombe nani. Kuniuliza mimi aliona ni kunisumbua. Kuuliza kwenye kundi, mbele ya watu kumi, aliona ni kujianika.

Tungekuwa ofisi moja ningemwona. Mtu aliyekwama hajifichi: anakwenda kunywa maji mara tatu, anakodolea skrini bila kubonyeza kitu, anaguna. Jirani yake wa meza angemuuliza, "We, vipi?" na jambo lingekwisha kwa dakika tano. Kule Nyakato, chumbani kwake, nani wa kumsikia akiguna?

Nasimamia watu wanaofanyia kazi nyumbani tangu Machi 2020, corona ilipotutoa ofisini. Sasa hivi timu yetu ya huduma kwa wateja ina watu kumi na mmoja: Dar, Mwanza, Arusha, Nairobi na mmoja Kigali. Waajiri wanaoniomba ushauri karibu wote huanza na swali lilelile: nitajuaje kama wanafanya kazi kweli? Hofu yao ni uvivu. Miaka yote hii mvivu nimempata mmoja, na huyo hata ofisini alikuwa mvivu. Waliokwama kimya kimya nimeshindwa kuwahesabu.

Sehemu ya tatizo ni adabu zetu wenyewe, na sisemi hivyo kwa kuzibeza. Angalia inavyokuwa. Saa 4:05 asubuhi unaandikiwa, "Shikamoo kaka." Uko kwenye simu na mteja, unajibu 4:20, "Marahaba, habari za huko?" Yeye naye kashaondoka mezani, anajibu 4:40, "Salama kaka, sijui wewe?" Unaitikia. Saa 5:05 ndipo inakuja, "Samahani kaka, nina shida kidogo." Saa nzima imekwenda na shida yenyewe bado haijatajwa! Ana kwa ana, mazungumzo hayo hayamalizi hata nusu dakika.

Nilianza kwa kupiga marufuku salamu kwenye kundi. Lilikuwa kosa. Watu walininunia, na dada mmoja wa Arusha akaniandikia pembeni kwamba yeye hawezi kumwanza mtu mzima kama anayefukuza mbuzi. Alikuwa na haki. Utaratibu wa sasa ni kwamba salamu, shida na unachokihitaji vyote vinaingia kwenye ujumbe mmoja: "Shikamoo kaka. Ruhusa ya mfumo wa mteja imeisha tangu jana, siwezi kutoa ripoti. Naomba namba ya mtu wao wa kompyuta." Marahaba yangu inakuja pamoja na namba.

Utaratibu wa pili ni wa nusu saa. Ukikaa na jambo moja nusu saa bila kusogea, andika "nimekwama", na uandike kwenye kundi, usiniandikie mimi pembeni. Wiki tatu za kwanza hakuna aliyethubutu. Ikabidi nianze mimi: "Nimekwama na hesabu ya ankara za mwezi huu, jumla hazilingani, nani anaweza kunitazamia?" Aliyeniokoa alikuwa mdogo kuliko wote, tena kwa dakika mbili. Kesho yake "nimekwama" zikawa nne. Kama wewe ndiye kiongozi na hujawahi kuandika neno hilo mbele ya vijana wako, usitegemee walitumie.

Halafu kuna suala la saa, ambalo linachekesha mpaka likukute. Niliandika "kikao kesho saa 3", nikiwa na maana ya saa tatu asubuhi, kama mtu yeyote wa huku angeelewa. Mwenzetu wa Nairobi, aliyezoea kampuni za kigeni, akajitokeza saa tisa alasiri, peke yake. Wa Kigali alifika asubuhi hiyohiyo lakini sisi tumeshatawanyika, maana Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Tangu siku ile ratiba yoyote inaandikwa kwa tarakimu nne na jina la mji, "09:00 Dar", ingawa mdomoni tunaendelea na saa tatu yetu. Na kama una wateja Uingereza, weka alama kwenye kalenda Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wao wanasogeza saa, sisi hatusogezi, kwa hiyo tofauti ni saa mbili majira yao ya joto na saa tatu majira ya baridi. Marekani nao wana tarehe zao nyingine.

Tuje kwenye umeme na intaneti, maana hapa ndipo ushauri mwingi wa mitandaoni unapotutupa. Wanaouandika wanakuambia ununue kiti kizuri na uweke ua mezani. Sisi wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 tulikuwa tunapanga zamu kwa kuangalia mtaa gani unakatiwa lini.

Kitu cha kwanza nilichomnunulia kila mtu ni cha kuiwezesha rauta iendelee kuwaka. Hesabu yake si ngumu. Rauta nyingi za nyumbani hula wati 10 hivi. Pawabenki ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74, yaani amperi-saa 20 (ndiyo hiyo mAh 20,000) mara volti 3.7 za betri ya ndani. Toa kinachopotea njiani, zibaki 60. Gawa kwa 10, umepata saa sita za intaneti gizani. Unachohitaji cha ziada ni waya wa kupandisha volti, na kabla ya kuununua soma maandishi ya chini ya rauta yako: zipo za volti 9 na za volti 12, na ukikosea unaweza kuiunguza. Kwa upande wa laptopu, watu hukimbilia inveta wakati betri ya laptopu yenyewe imekufa kitambo na haishiki hata dakika ishirini. Badilisha betri kwanza, halafu ndiyo uangalie kama inveta bado unaihitaji. Ila jua kwamba mnara wa simu nao una betri zake. Umeme ukikatika siku nzima zikaisha, rauta yako itawaka taa zote na haitashika chochote.

Nani analipa? Kwangu mimi hili halina mjadala. Ofisi ilikuwa inalipa kodi, umeme, jenereta, maji na chai. Ukimrudisha mtu nyumbani gharama hizo hazijafa, zimehamia kwake: umeme wake wa LUKU, bando lake, kiti cha sebuleni kinachomvunja mgongo. Tunatoa kiasi kimoja kila mwezi kwa wote, bila kudai risiti, kwa sababu sijawahi kumwona mtu mwenye faili la risiti za bando. Vikao vyetu ni vya sauti tu. Kikao cha video cha saa moja kinaweza kula gigabaiti nzima na zaidi, na sauti peke yake haifiki hata sehemu ya kumi ya hiyo. Kamera tunawasha siku ya kwanza ya mgeni na siku mtu akiaga.

Nilidhani tumejipanga vizuri mpaka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika huko upande wa Durban. Jumatatu asubuhi Tanzania ilikuwa inakwenda kwa kusuasua. Mbinu yangu ya laini mbili za mitandao tofauti haikufua dafu, maana mitandao yote miwili ilikuwa inategemea nyaya zilezile. Kupiga simu za kawaida humu nchini kulikuwa kunawezekana, ila orodha ya namba za timu na za wateja iko wapi? Kwenye faili la mtandaoni. Nilikaa nikitazama kile kiduara kinazunguka, nikajicheka mwenyewe.

Aliyetuokoa ni dada wa Nairobi, kwa kuwa nyaya zinazofika Mombasa ni nyingi kuliko zinazofika Dar, na yeye mtandao wake ulikuwa na unafuu. Alitusomea namba kwa simu, moja moja, nami naandika kwa kalamu. Siku hizi orodha hiyo imechapwa kwenye karatasi na kila mtu anayo ukutani. Na kila mfanyakazi ana pacha wake wa mji mwingine, mwenye ruhusa zote alizonazo yeye, ili mji mmoja ukizimika mteja asibaki hewani.

Kuhusu nyumbani kwenyewe nitasema machache, kwa sababu si kazi ya msimamizi kuingia sebule za watu. Wanaoumia zaidi ni akina mama. "Si yupo nyumbani tu," anasema kila anayetaka kumtuma dukani, kupokelewa mgeni au kuangaliziwa mtoto. Mwenzetu mmoja anayeishi chumba kimoja Mbagala hutundika kanga mlangoni: ikiwa imeshushwa, mama yupo kazini. Mtoto wa miaka minne alielewa siku mbili tu. Mume ndiye aliyechelewa. Ninachoweza kufanya mimi ni kuacha watu wachague saa zao. Yeye huanza 06:00, anavunja katikati kumpeleka mtoto shule, anarudi. Ninachohesabu ni maswali ya wateja yaliyofungwa na yaliyorudi, na hapo ananishinda hata mimi.

Programu za kuchungulia siziamini. Kuna mwajiri mmoja niliyewahi kumfanyia kazi aliweka ya kupima mwendo wa kipanya na kupiga picha ya skrini kila dakika kadhaa. Ndani ya mwezi mmoja, kijana fulani alikuwa amefunga kipanya kwenye feni inayozunguka, naye amelala. Tulibaki na takwimu nzuri sana za feni. Pia fikiria kilichomo kwenye hizo picha: majina ya wateja, namba zao, malalamiko yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na atakayeulizwa picha hizo zinahifadhiwa wapi ni wewe uliyeagiza zipigwe.

Sheria nyingine inayosahaulika watu wakihamia nyumbani ni ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa angalau mara moja na nusu. Anayehudumia wateja wa Marekani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi anastahili, kwa kila saa ya usiku, nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Meza kuwa sebuleni hakubadilishi hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa natuma ujumbe saa tano usiku, nikijiambia wataujibu asubuhi. Walikuwa wanaujibu saa tano na dakika mbili. Sasa nauandika usiku, nauacha kwenye rasimu.

Jambo ambalo sijaweza kulifanya kwa mbali ni kumpokea mfanyakazi mpya. Nimejaribu kwa video, nimejaribu kwa maelekezo ya kurasa thelathini. Hawashiki, na kibaya zaidi hawaulizi. Kwa hiyo mgeni anakuja Dar wiki mbili, anakaa ubavuni mwa mtu mmoja mzoefu, wanakula wali maharage pamoja, anajua sauti yake na utani wake. Akirudi kwao tayari kuna mtu mmoja ambaye haoni haya kumwambia "nimekwama". Mhasibu analalamika kila nikimletea nauli za basi na gharama za kulala. Wiki ijayo anakuja mwingine, anatokea Mwanza, na wa kukaa naye nimeshampata: ni yule dogo wa Nyakato, naye anasafiri naye.