Je, wajua ni kwa nini Kolbe aliruhusiwa kumkimbilia Ramos?

Oktoba 15, 2023, katika uwanja wa Stade de France, Ufaransa na Afrika Kusini zilikutana kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia la Raga. Peato Mauvaka wa Ufaransa alifunga trai, yaani aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, na kufanya mambo kuwa 12-12. Mwenzake Thomas Ramos akautenga mpira ili aongeze pointi mbili za konvasheni, mkwaju wa kulenga goli unaopigwa baada ya trai. Alipoanza tu kuuendea, Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini alichomoka kutoka mstari wa goli, akawahi na kuuzuia mpira ulipokuwa ndio kwanza umetoka mguuni. Mechi iliisha 29-28, Afrika Kusini wakasonga mbele na hatimaye wakatwaa kombe.

Watazamaji wengi walidhani ni faulo, kwa sababu wamezoea kuwaona mabeki wakisimama kimya mkwaju unapopigwa. Lakini huo ni utaratibu wa penalti. Kwenye penalti ya kulenga goli, timu pinzani hurudi mita 10 na kutulia, mikono ubavuni, hadi mpira upigwe. Konvasheni ina masharti mengine: mabeki husimama nyuma ya mstari wao wa goli, na mpigaji akishaanza kuuendea mpira wanaruhusiwa kumkimbilia au kuruka ili wauzuie. Kinachokatazwa ni kunyanyuana au kushikana ili mmoja afike juu zaidi.

Kwa nini tofauti hiyo? Naona inaeleweka ukitazama kila mkwaju umetokana na nini. Penalti ni fidia: umekosa, kwa hiyo huna haki ya kumsumbua uliyemkosea. Trai haitokani na kosa la mtu. Tena zamani trai yenyewe haikuwa na pointi, ilikupa nafasi ya kupiga mkwaju tu, na mkwaju ndio uliohesabiwa kuwa goli. Kwa mabeki wa enzi hizo, kuuzuia ule mkwaju ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya kulinda lango. Haki hiyo haijafutwa mpaka leo, na nasikitika kuona timu nyingi zikisimama chini ya milingoti mikono kiunoni, wakati pointi mbili zinaweza kuamua mechi.

Kazi ngumu ni ya refa. Mpigaji ameanza lini? Wapo wanaoinama, wanaotikisa mabega, wanaopiga hatua moja pembeni kabla ya kukimbia. Sheria inasema mabeki wanaruhusiwa kutoka pale mpigaji anaposogea upande wowote ili kuanza safari yake kuelekea mpira. Kwa hiyo hata ile hatua ya pembeni, ikiwa ndiyo mwanzo wa mbio zake, imewafungulia mabeki njia. Kurudi nyuma baada ya kuutenga mpira ni maandalizi tu, haihesabiki. Na mabeki wakitoka mapema? Mkwaju ukiingia, pointi zinabaki. Ukikosa, mpigaji anaweza kurudia, na safari hii hakuna anayeruhusiwa kumkimbilia.

Yapo matukio ya nadra zaidi. Beki akiugusa mpira na bado ukapita juu ya mtambaa wa panya, katikati ya milingoti, ni goli. Ukishapita halafu upepo ukaurudisha uwanjani, bado ni goli. Mpira ukianguka kabla mpigaji hajaanza, refa humruhusu kuutenga upya. Ukianguka akiwa ameshaanza, anaweza kuupiga ulivyolala, au auokote na kujaribu mkwaju wa kudondosha (kuuangusha mpira na kuupiga unapodunda), huku mabeki wakimjia mbio.

Hata kwenye penalti, ambako hakuna wa kumkimbilia, mpira unaoanguka unaweza kumchanganya mpigaji. Februari 25, 2024, mjini Lille, Paolo Garbisi wa Italia alikuwa na penalti ya mwisho dhidi ya Ufaransa, matokeo yakiwa 13-13. Mpira ukaanguka huku muda wa kupiga ukimwishia. Akautenga upya harakaharaka, akapiga, ukagonga mlingoti. Italia ikakosa ushindi ugenini kwa mkwaju huo mmoja.

Wengi wetu Afrika Mashariki raga tuliijua kupitia Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba, na mashindano ya Safari Sevens, na huenda ndiyo maana tukio la Kolbe lilitushangaza. Katika raga ya wachezaji saba, baada ya trai timu iliyofungwa hurudi na kukusanyika karibu na mstari wake wa mita 10, na mpigaji hudondosha mpira na kuupiga bila mtu wa kumkimbilia. Kolbe mwenyewe alilelewa na raga hiyo, na alikuwemo katika kikosi cha Afrika Kusini kilichopata shaba ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mbio zilizomfikisha kwa Ramos ni zilezile za huko, ila huko sheria isingemruhusu kuzitumia hivyo.