Kukompaili FFmpeg mwenyewe: kazi kubwa iko kabla ya make

Kila wiki nina video za mafunzo za kuwekea maandishi ya Kiswahili chini, na tarehe pale kona ya juu, kwa hiyo FFmpeg, programu ya kuchakata video na sauti kwa komandi, kwangu ndo jembe. Nilipohamia toleo la 6.1 nikakompaili (yaani nikageuza msimbo wake kuwa programu) vizuri tu, hakuna kosa hata moja, alafu skripti yangu ile ile ya siku zote ikakataa: No such filter: 'drawtext'. Yaani filta ya kuandika juu ya video haipo, na kwenye toleo la nyuma ilikuwepo! Jioni nzima imeisha hapo. Kumbe kuanzia 6.1 drawtext inataka laibrari mbili, libfreetype kama zamani na libharfbuzz inayopanga herufi zikae sawa, na mi nilikuwa nimewasha ile ya kwanza peke yake. Configure, ile skripti inayokagua kompyuta yako kabla ya kukompaili, haikusema kitu manake sikuwa nimeiomba drawtext kwa jina, ikaiacha kimya kimya ikaendelea na mengine.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kuhusu kukompaili simwanzishii kwenye make, ile komandi inayokompaili. Make ni mashine inafanya, we unakaa. Kazi yako iko kabla ya hapo, kuandaa kompyuta na kusoma configure inakwambia nini.

Tuanze na kompyuta yenyewe, nachukulia uko Ubuntu au Debian. Pakeji ya kwanza ni build-essential, hiyo inakuletea gcc, g++, make na heda za C (faili zinazoieleza kompaila laibrari ina nini) kwa mpigo. Ongeza git, pkg-config na nasm. Nasm usiiruke, sehemu za FFmpeg zinazotakiwa kukimbia sana zimeandikwa kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na prosesa, na nasm ndo inaitafsiri, na ukiikosa configure inasimama inakwambia uweke --disable-x86asm upate "crippled build", yaani programu iliyolemaa. Watu wanaiweka hiyo bendera ili wasonge mbele, alafu wanashangaa video inachukua muda mrefu kupita kiasi. Usiiweke, nenda kainstoli nasm, ni pakeji ndogo tu.

Alafu kuna kitu kinawatesa karibu wote wanaoanza. Unaambiwa libass, laibrari ya kuchora maandishi ya chini, haipo, unaangalia unaiona kabisa ipo, VLC yako inaitumia kila siku. Zote mbili ni kweli. Debian na Ubuntu wanaigawa kila laibrari vipande viwili, kuna kile cha kuendeshea programu iliyokwisha kukompailiwa, na kuna kile cha kukompailia ambacho ndo kina heda na faili dogo la .pc, na hicho cha pili jina lake linaishia na -dev. Kwa hiyo libass-dev, libx264-dev, libfreetype-dev, libharfbuzz-dev, libfontconfig-dev. Ukiwa Fedora mwisho wake ni -devel. Configure ikitaka kujua kitu kipo inamuuliza pkg-config, naye anatafuta hilo faili la .pc. Kwa hiyo kabla hujalalamika muulize mwenyewe:

pkg-config --modversion harfbuzz

Akikujibu namba, umeshapita hapo. Akisema hakioni, ama hujaweka -dev, ama laibrari umeikompaili mwenyewe ukaiweka kwenye foda lako, na hapo inabidi umwelekeze kwa PKG_CONFIG_PATH.

Msimbo nauchukua kwa git, tena kwa --depth 1, usije ukavuta historia yote. FFmpeg ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, hebu fikiria miaka yote hiyo ya mabadiliko inashuka kwenye bando lako wakati unachotaka ni toleo moja. Ukichukua faili lililofungwa badala ya git basi kagua na saini yake. Ila ujue saini peke yake haimalizi kila kitu. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz (programu ya kubana faili) 5.6.0 na 5.6.1, na sehemu ya ujanja ule ilikuwa ndani ya faili lililofungwa tu, kwenye git haikuwepo. Alianza kushtuka kwa sababu kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde! Mi tangu hapo git naipa kipaumbele.

Sasa configure. Yangu inakaa hivi:

./configure --prefix=$HOME/ffmpeg --enable-gpl --enable-libx264 --enable-libass --enable-libfreetype --enable-libharfbuzz --enable-libfontconfig

Hiyo --enable-gpl ni suala la leseni. FFmpeg yenyewe ni LGPL, ila x264 (laibrari ya kubana video) ni GPL, usipoitamka configure inakataa. Na ukiongeza libfdk_aac, ya sauti, juu ya hapo itakudai --enable-nonfree, ambayo maana yake matokeo yake utumie mwenyewe, usimgawie mtu. Hilo nalisisitiza kwa vijana wanaopeana programu kwa flashi, soma bendera kabla hujagawa.

Prefix, yaani foda la kuinstolia, nimeiweka ndani ya home makusudi. Kuinstoli FFmpeg hakuhitaji sudo, ile FFmpeg ya mfumo inabaki salama, na siku ukiichoka unafuta foda moja biashara imeisha. Ukizimwaga kwenye /usr/local pamoja na vitu vingine, kuja kuchambua kipi ni chako ni shughuli.

Configure ikigoma, usikimbilie kunakili ule mstari wa mwisho kwenda kuutafuta mtandaoni. Fungua ffbuild/config.log, nenda chini kabisa alafu panda taratibu. Pale utaona komandi halisi ya gcc iliyojaribiwa na jibu ililopewa, na mara nyingi jibu lenyewe liko wazi, heda fulani haionekani basi. Na ikipita pia usikimbie! Inachapa orodha ndefu ya vilivyowashwa, External libraries na Enabled filters. Isome. Mi ningeisoma siku ile ningeona drawtext haimo, kabla hata sijapika chochote.

Make naendesha kwa make -j$(nproc), yaani kazi nyingi kwa mpigo kadri ya prosesa zilizopo. FFmpeg ni C kwa hiyo haili sana ramu, lakini ukiamua kukompaili na x265 (laibrari nyingine ya kubana video) mwenyewe, ile ni C++, na kwenye laptopu ya ramu ndogo unaweza kukuta imekatika njiani na neno Killed. Msimbo hauna shida hapo, ramu ndo imeisha na kerneli imeua kompaila. Punguza iwe -j2, ama ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia ramu), endelea pale pale, make haianzi upya vilivyokwisha.

Ukimaliza make install, weka $HOME/ffmpeg/bin mbele kwenye PATH (orodha ya foda ambamo komandi zinatafutwa), alafu andika hash -r manake bash inaweza kuwa bado inakumbuka njia ya zamani ikaendelea kukuendeshea ile ya mfumo. Kisha hakikisha:

ffmpeg -buildconf
ffmpeg -filters | grep drawtext

Ya kwanza inakuonyesha bendera zote ilizokompailiwa nazo, na inafanya kazi hata kwa ile ya Ubuntu, kwa hiyo ukitaka kujua wao wamewasha nini unaiuliza tu. Ya pili siku hizi nimeiweka mwisho wa skripti yangu ya kukompaili, pamoja na ya kukagua filta ya subtitles. Moja ikikosekana skripti inasimama hapo hapo na FFmpeg ya zamani inabaki kazini.