Uthibitishaji kwa saraka: kinachotokea mtumiaji anapoingia kwenye wiki

Uthibitishaji kwa saraka ni utaratibu ambao wiki, yaani tovuti ambayo watumiaji wake huandika na kuhariri kurasa kwa pamoja, haihifadhi manenosiri ya watumiaji, bali huiachia seva ya saraka, yaani seva inayotunza orodha ya watumiaji wa taasisi na taarifa zao, kwa kawaida kupitia LDAP, itifaki ya kuwasiliana na saraka, kazi ya kuamua kama jina na nenosiri vinalingana. Ugumu wake ni kwamba ukurasa wa kuingia hutoa ujumbe uleule, kwamba jina au nenosiri si sahihi, hata pale ambapo nenosiri halikufika kwenye saraka.

Katika mpangilio uliozoeleka, wiki huingia kwanza kwenye saraka kwa akaunti yake ya huduma, ambayo ni ya programu yenyewe na si ya mtu, kisha hutafuta taarifa za mtumiaji chini ya tawi, yaani sehemu ya saraka, lililotajwa katika mipangilio, na ikizipata huchukua jina lake kamili la saraka, yaani DN, na kujaribu kuingia upya kwa jina hilo pamoja na nenosiri aliloandika. Kwa hiyo swali la kwanza la msimamizi liwe ni hatua ipi iliyokwama. Msimbo wa kosa 49, unaomaanisha kwamba jina au nenosiri limekataliwa, katika hatua ya kwanza huwazuia watumiaji wote, kwa kuwa ni akaunti ya huduma iliyokataliwa, lakini katika hatua ya mwisho humhusu mtu mmoja. Active Directory, saraka ya Microsoft, huongeza maelezo, kwa mfano 52e kwa nenosiri lisilo sahihi na 775 kwa akaunti iliyofungwa. Msimbo 32 huashiria kwamba tawi lililotajwa halipo. Utafutaji ukifaulu bila kuleta jibu lolote, mara nyingi kichujio, yaani sharti la utafutaji, kinatafuta jina la kuingilia katika sehemu iitwayo uid mahali ambapo saraka hulihifadhi katika sAMAccountName.

Muunganisho nao huweza kukatika mapema zaidi, hasa kwenye poti 636, inayotumika kwa LDAP iliyosimbwa, ikiwa seva ya wiki haikiamini cheti cha saraka au jina lililo kwenye cheti si lile lililoandikwa katika mipangilio. Ndiyo maana jaribio la ldapsearch, amri ya kutafuta katika saraka, lifanywe kutoka kwenye seva ya wiki yenyewe. Kulifanya kwenye kompyuta nyingine hakuthibitishi chochote kuhusu muunganisho kati ya seva ya wiki na saraka.

Kuna hatari moja isiyoleta kosa lolote: baadhi ya seva za saraka, zikipewa DN pamoja na nenosiri tupu, hujibu kwamba ombi limefaulu ingawa hazikumthibitisha mtu, na kwa hiyo wiki yenyewe lazima ikatae nenosiri tupu kabla ya kuiuliza saraka.