Lori la nitro linapochemsha: ni sindano au ni gia?

Lori la rimoti lenye injini ya nitro, yaani inayotumia mafuta yenye nitromethani, linapochemsha, wengi hukimbilia bisibisi na kuifungua sindano ya kabureta (skrubu inayopima mafuta yanayoingia) kabla hawajahesabu meno ya gia. Injini hupoa kidogo, moshi huongezeka, mwendo hupungua, na mwenye lori huridhika kwamba ameiokoa injini yake, ilhali mzigo uliokuwa ukiichemsha bado uko palepale. Katika kazi yangu ya kutengeneza injini hizi, malori mengi ninayoletewa kwa malalamiko ya kabureta mbovu huwa na kabureta nzima kabisa, ila gia zake hazilingani na matairi yaliyofungwa au na uwanja linapokimbizwa. Ndiyo maana siwezi kueleza namna ya kurekebisha sindano bila kueleza gia, kwa kuwa makosa ya upande mmoja hujificha nyuma ya dalili za upande mwingine.

Sababu yake iko ndani ya silinda. Injini hii haina koili wala kifaa kinachopanga wakati wa cheche. Plagi yake ina waya mwembamba wenye platini, unaotiwa moto kwa betri ya takriban volti 1.5 wakati wa kuwasha tu. Betri ikishaondolewa, waya huendelea kuwa mwekundu kwa joto la kompresheni na kwa mmenyuko wa kikemia kati ya platini na mvuke wa methanoli. Kwa hiyo wakati wa mafuta kuwaka huamuliwa na hali ya silinda yenyewe, yaani joto lake, kompresheni yake, kiasi cha nitromethani na wingi wa mafuta yanayoingia. Ukiibebesha injini mzigo mzito ikiwa bado katika mzunguko wa chini, joto hupanda, mafuta huwaka mapema kuliko inavyotakiwa, injini huanza kugonga, na kugonga huko huongeza joto zaidi. Hapo gia nzito imeleta madhara yaleyale ambayo sindano iliyofungwa mno ingeleta, na kipimajoto peke yake hakiwezi kuzitofautisha.

Mafuta yenyewe ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili, na katika malori nitromethani huwa mara nyingi kati ya asilimia 10 na 30. Petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ili iungue kikamilifu. Methanoli huhitaji kama kilo 6.5 tu, na nitromethani, ambayo hubeba oksijeni yake ndani ya molekuli, huhitaji chini ya kilo 2. Ndiyo sababu injini ndogo namna hii hunywa mafuta mengi hivyo, na ndiyo sababu kila unapohamia mafuta yenye nitromethani nyingi zaidi inakupasa kuifungua sindano. Zaidi ya hayo, oili husafiri ndani ya mafuta hayohayo. Anayeibana sindano ili apate mwendo anaipunguzia injini mafuta ya kuwaka, ubaridi na ulainisho kwa wakati mmoja.

Kabla ya kugusa sindano yoyote, hakikisha hakuna hewa inayoingia kwa njia za panya. Vyanzo vya kawaida ni oringi ya shingo ya kabureta, gasketi ya kifuniko cha nyuma cha injini, beringi ya mbele ya krenki, na kifuniko cha tangi kisichobana. Tangi hushinikizwa na gesi inayotoka kwenye ekzosi kupitia mpira mwembamba, hivyo mpira huo ukipasuka au kifuniko kikivuja, mafuta hayasukumwi sawasawa na hakuna sindano itakayotulia. Dalili yake ni silensa (resi ya injini ikiwa haivutwi) inayopanda na kushuka bila sababu, au injini inayoendelea kupiga resi kwa muda hata baada ya triga, yaani kichapuzi cha rimoti, kuachwa. Tangi ni rahisi kulipima: ziba mpira mmoja, puliza kwa mwingine huku tangi likiwa ndani ya maji, kisha tazama mapovu.

Sindano zirekebishwe injini ikiwa na joto lake la kazi, si mara tu baada ya kuwashwa. Kwanza hakikisha kwamba triga ikiachwa, mdomo wa kabureta unabaki wazi kati ya nusu milimita na milimita moja; ukiwa wazi zaidi ya hapo, skrubu ya silensa inafidia kosa la sindano. Kisha shughulikia sindano kuu, inayotawala mafuta ya mwendo wa kasi. Ikimbize gari kwenye njia ndefu huku ukisikiliza sauti na kutazama moshi, na uigeuze sindano moja ya nane ya mzunguko kwa kila jaribio, ukilipa lori mizunguko kadhaa ya uwanja kabla ya kuhukumu. Kuifunga, yaani kuigeuza kulia, hupunguza mafuta. Kinachotafutwa ni resi safi yenye mstari mwembamba wa moshi wa buluu unaoonekana hadi mwisho wa njia. Moshi ukitoweka kabisa, umepita kiwango, hata kama lori linakimbia kuliko wakati wowote. Kwa kweli mara nyingi ndipo linapokimbia zaidi, muda mfupi kabla ya pistoni na silinda kuharibiana.

Sindano ya mwendo wa chini ndiyo inayowasumbua watu zaidi, kwa sababu makosa yake mawili hufanana kwa haraka. Yote mawili hulifanya lori lisite unapovuta triga, lakini namna ya kusita ni tofauti, na sikio likizoea haliwezi kukosea. Mafuta yakiwa mengi, injini hukoroma, hutema moshi mzito, kisha hujikusanya na kuondoka. Yakiwa machache, hukatika ghafla bila moshi, mara nyingine ikazima palepale. Jaribio ninalolitegemea ni kuubana kwa vidole mpira wa mafuta karibu na kabureta injini ikiwa kwenye silensa, magurudumu yakiwa yameinuliwa. Injini iliyokaa sawa itaendelea kwa sekunde 2 hadi 4, itapandisha resi kidogo, kisha itazima. Ikizima mara moja, ina mafuta machache. Ikiendelea muda mrefu huku resi ikipanda sana, ina mafuta mengi. Hali ya hewa nayo ina sauti katika jambo hili: hewa baridi ni nzito na ina oksijeni nyingi zaidi, hivyo hudai sindano ifunguliwe kidogo, ilhali joto, unyevu na miinuko huruhusu ifungwe kidogo.

Sasa kuhusu joto. Likipimwa juu ya kichwa cha silinda, karibu na plagi, injini nyingi za aina hii hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 95 na 130 za Selsiasi. Ukisoma zaidi ya hapo, tazama moshi kwanza. Moshi haupo: fungua sindano. Moshi upo wa kutosha na injini bado inachemsha: sindano haina hatia, na kuendelea kuifungua ni kuficha ugonjwa. Lisukume lori kwa mkono ili uone kama breki inashika au beringi imekwama, kisha uende kwenye gia.

Hesabu ya gia si ngumu. Gawa meno ya gia kubwa kwa meno ya pinioni iliyo kwenye dramu ya klachi, kisha zidisha jibu kwa uwiano wa difu (gia za kwenye ekseli). Chukua lori lenye pinioni ya meno 14, gia kubwa ya meno 48, na difu yenye meno 43 kwa 13. Uwiano wa jumla ni 11.34, maana yake injini huzunguka mara 11.34 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi lenye kipenyo cha milimita 140 na injini inayofika mizunguko 30,000 kwa dakika, mwendo wa kwenye karatasi ni karibu kilomita 70 kwa saa. Weka pinioni ya meno 15 na uwiano unashuka hadi 10.58, mwendo unafika karibu 75, na mzigo wa injini unaongezeka kwa asilimia 7. Ungeweza kufika karibu hapohapo kwa kuiacha pinioni na kupunguza gia kubwa kutoka meno 48 hadi 45, ndiyo sababu jino moja la pinioni huhesabiwa kuwa sawa na matatu au manne ya gia kubwa.

Jambo wasilolitazama wengi ni matairi. Ukivua matairi ya milimita 140 na kufunga ya milimita 150, umebadilisha gia kwa asilimia 7 ileile bila kugusa jino hata moja, tena umeongeza uzito unaozunguka. Lori lililokuwa likienda vizuri jana linaanza kuchemsha leo, na lawama huangukia kabureta. Mchanga na majani marefu hufanya vivyo hivyo.

Gia nzito mno hujulikana kwa lori linalochelewa kuchangamka na lisilofikia resi yake ya mwisho hata njia ikiisha. Gia nyepesi mno hujulikana kwa lori linalochomoka kwa nguvu, likafika resi ya juu mapema na kubaki likipiga kelele bila kuongeza mwendo. Nalo huchemsha, kwa kuzunguka kupita kiasi. Napendelea gia inayoifikisha injini kwenye resi ya mwisho karibu na mwisho wa njia ndefu. Bomba la ekzosi lililopimwa urefu huisaidia injini katika masafa maalumu ya resi tu, na gia isiyoifikisha injini kwenye masafa hayo hulifanya bomba la bei kuwa pambo.

Kila ukibadili meno, legeza bolti za injini na upange upya nafasi kati ya pinioni na gia kubwa. Weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya meno, sukuma injini hadi yabane, kaza, kisha utoe karatasi. Zungusha gia kubwa mzunguko mzima ukiitikisa kwa kidole, kwa kuwa nyingi haziko mviringo kamili na zinaweza kulegea upande mmoja na kubana upande mwingine. Itazame na klachi pia: spring ngumu hufanya shuu (vipande vya klachi vinavyoikamata dramu) zishike kwenye resi ya juu zaidi, jambo linaloleta mchomoko mkali, lakini klachi inayoteleza muda mrefu huikaanga dramu na kuua beringi zake.

Kwa lori lenye gia mbili, wakati wa kubadilika hupangwa mwisho kabisa, baada ya gia na sindano kutulia. Kukaza skrubu yake huchelewesha mabadiliko, kuilegeza huyawahisha. Ikiwa injini inazama kila gia ya pili inapoingia, kaza moja ya nane ya mzunguko na ujaribu tena kwenye uwanja uleule, kwa matairi yaleyale.