Msuguano wa maji kwenye bomba, mnato unafanyaje kazi

Ukisema maji yanapata msuguano ndani ya bomba wengi wanawaza maji yanateleza kwenye ukuta huku yakiukwaruza, kumbe sivyo kabisa. Maji yanayogusa ukuta hayaendi popote, yamesimama. Yani lile tabaka jembamba lililoshikana na chuma au plastiki spidi yake ni sifuri, hata kama katikati ya bomba maji yanakimbia balaa.

Angalia feni ambayo haijafutwa muda mrefu, vumbi limejaa kwenye mapanga na feni yenyewe inazunguka kila siku, mbona upepo hauliondoi? Ni kwa sababu hewa inayogusa panga inazunguka pamoja na panga, kwa hiyo kwa chembe ndogo kama ile ni kama hamna upepo. Hewa na maji hapo tabia yao ni moja.

Sasa msuguano uko wapi? Uko ndani ya maji yenyewe. Tabaka lililosimama linalivuta nyuma lile la jirani, nalo linalivuta linalofuata, hivo hivo mpaka katikati ambako mwendo ni mkali zaidi. Ukisukuma karata za juu zilizopangwa utaona za chini zinabaki nyuma kidogo kidogo, ndo hivyo. Ukaidi huo wa matabaka kupishana ndio unaitwa mnato, asali inao mwingi, maji kidogo, na kimiminika kikipata moto mnato unapungua.

Hii ndo sababu upana wa bomba una nguvu kuliko watu wanavyofikiri. Poiseuille, Mfaransa aliyekuwa anachunguza damu inavyopita kwenye mirija myembamba, alionyesha miaka ya 1840 kwamba ukipunguza kipenyo kiwe nusu, presha na urefu vikabaki vile vile, hupati nusu ya maji wala robo, unapata 1/16 tu! Kwenye mrija mwembamba kila tone liko karibu na ukuta, hakuna pa kukimbilia.

Ila hesabu hiyo ni ya mwendo mtulivu. Osborne Reynolds, mhandisi wa Uingereza, mwaka 1883 alipitisha uzi wa rangi kwenye maji ndani ya bomba la kioo, spidi ikiwa ndogo uzi ulinyooka vizuri, akiongeza ukafika mahali ukavurugika na rangi ikasambaa kote, na ni kwenye vurugu hiyo ndipo mikwaruzo na kutu za ukutani zinaanza kula presha kwelikweli.