Kwa nini transfoma ya mkondo ni hatari ikiachwa wazi?

Wengi wetu tunaamini kwamba ukikata saketi, umeondoa hatari. Kwenye transfoma ya mkondo, kifaa kinachopunguza mkondo mkubwa wa umeme ili mita iweze kuupima, kuikata saketi ya upande wa pili, yaani ule unaokwenda kwenye mita, ndiko kunakoizaa hatari yenyewe.

Uganda kifaa hiki kipo popote umeme mwingi unapopita: bwawa la Nalubaale lililozinduliwa Jinja mwaka 1954, laini ya umeme iliyojengwa kwa volti 220,000 kutoka bwawa la Bujagali hadi Kawanda, hata kwenye mita za viwanda vikubwa. Mita haiwezi kubeba ampea 400, hivyo hupelekewa ampea 5 zinazopanda na kushuka pamoja na zile 400.

Kosa huanzia kwenye kuifananisha na transfoma ya nguzoni. Ile ya nguzoni hupewa volti, na vyombo vya nyumbani ndivyo vinavyoamua mkondo. Zima vyote, nayo inapumzika. Ya mkondo haina nafasi hiyo. Waya wa laini unapenya pete yake ya chuma, na mkondo wa waya huo umeamuliwa na mashine za kiwandani. Mita haina kauli.

Fikiria mlango unaosukumwa na watu wawili, mmoja ndani, mwingine nje, kwa nguvu karibu sawa. Mlango hautikisiki. Waya wa laini unasukuma usumaku kwenye chuma: ampea 400 mara mzunguko 1. Waya mwembamba uliosokotwa kwenye pete unasukuma kinyume: ampea 5 mara mizunguko 80, yaani 400 vilevile. Usumaku unaobaki ni kidogo mno, na huo mdogo ndio unaoendesha mita. Chomoa waya wa mita, na msukumaji wa upande mmoja ametoweka. Ampea zote 400 zinaugeukia usumaku. Chuma kinashiba, yaani hakiwezi kubeba usumaku zaidi, na usumaku wake unageuka upande kwa ghafla mara 100 kwa sekunde, na kila mgeuko unarusha mruko wa volti kwenye ncha zilizo wazi.

Ukubwa wa mruko hutegemea chuma, mizunguko na mkondo wa laini. Transfoma ndogo yaweza kuishia volti chache. Kubwa hufikia maelfu, zinazoua mtu na kutoboa insulesheni.

Ndiyo maana saketi hii haiwekwi fyuzi kamwe, na fundi hupiga shoti ncha zake, yaani huziunganisha moja kwa moja kwa waya, kabla ya kugusa mita, jambo ambalo kwenye transfoma ya nguzoni lingekuwa maafa. Transfoma iliyowahi kuachwa wazi pia hukaguliwa upya hata ikiwa haikuungua, kwa sababu usumaku uliosalia kwenye chuma waweza kupotosha vipimo hadi uondolewe.