Ukitaka kuijua saa ya kale ya Kifaransa, igeuze

Mtu akituletea saa ya mezani ya kale kutoka Ufaransa, hutuonyesha kwanza jina lililoandikwa usoni pake. Mara nyingi jina hilo ni la mwenye duka la Paris aliyeiuza. Sisi tunaigeuza, tunafungua kijimlango cha nyuma, tunaitoa pendulamu (uzito unaobembea) na kumulika tochi kwenye bamba la shaba. Katika saa nyingi za karne ya 19 utakuta pale muhuri mdogo wa mviringo: Japy Frères, yaani ndugu wa ukoo wa Japy.

Frédéric Japy alizaliwa mwaka 1749 Beaucourt, mashariki mwa Ufaransa, jirani na mpaka wa Uswisi. Zama hizo wakulima wa milimani ndio waliotengeneza vipande vya saa majumbani mwao, kila gurudumu likikatwa meno kwa mkono. Japy alijifunza kazi Uswisi, akanunua mashine za fundi wa huko aitwaye Jeanneret-Gris, na mwaka 1777 akafungua kiwanda kijijini kwao. Mwaka 1799 akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine zake. Hata asiye fundi aliweza kuziendesha, na tusifiche kwamba watoto nao waliwekwa kazini. Japy hakuwa akiuza saa kamili. Aliuza mitambo ghafi, mafundi wa kwingine wakaimalizia, na bei ikashuka.

Mwaka 1806 aliwaachia kiwanda wanawe, ndio hao ndugu wa muhuri. Mwaka 1815 majeshi yaliyoivamia Ufaransa yalikichoma moto, nao wakakijenga upya. Baadaye wakaongeza skrubu, sufuria za enameli, visaga kahawa, hata taipureta. Sehemu ya majengo yale leo ni makumbusho.

Sasa irudishe saa itazame mbele. Huku hakuna kiwanda, kuna mkono. Kasha la mbao likiwa limepambwa kwa njumu, yaani vipande vya shaba na gamba vilivyopachikwa juu yake, kazi hiyo inaitwa kwa jina la André-Charles Boulle, seremala wa Mfalme Louis wa 14, ingawa nyingi ya saa tunazoletewa zilitengenezwa zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake mwaka 1732, mtindo wake ulipopendwa tena. Fundi alibandika pamoja karatasi nyembamba ya shaba ya njano na bamba la gamba la kasa, akachora maua juu yake, akavikata vyote kwa mpigo mmoja kwa msumeno mwembamba kama uzi. Ua la shaba likatoshea kwenye tundu la gamba, na ua la gamba kwenye tundu la shaba. Hivyo alipata mapambo mawili yaliyo kinyume, bila kutupa kitu. Chini ya gamba alipaka rangi nyekundu, ndiyo maana linang'aa kama kaa la moto.

Gamba lenyewe ni la ng'amba, aina ya kasa wa baharini. Pwani yetu inamjua vizuri: magamba ya kasa yaliuzwa kutoka huku tangu enzi za wafanyabiashara wa Kigiriki na Kirumi, na biashara hiyo ilichangia kummaliza. Leo ng'amba yumo katika orodha ya juu kabisa ya ulinzi ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kwa hiyo usiivushe mpaka saa ya namna hii kabla hujauliza habari za vibali, hata kama umeirithi kwa babu.

Adui mkubwa wa njumu hii ni hewa inayobadilikabadilika. Mbao huvimba na kusinyaa, shaba haifuati, gundi ya ngozi inaachia. Utaona ncha ya jani la shaba imenyanyuka kiasi cha unene wa ukucha. Kitambaa cha vumbi kikinasa hapo, jani zima linapinda, na shaba iliyopinda hairudi ikalala kama mwanzo. Futa kwa brashi laini iliyo kavu. Usitumie maji, wala usiikandamize ncha hiyo kwa supagluu, maana fundi atakayekuja ataivunja ndipo aitengeneze.

Kipande kikidondoka, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, kitie kwenye bahasha, andika kilitoka upande gani, uihifadhi bahasha hiyo pamoja na ufunguo wa saa. Na ukiisafirisha, toa pendulamu kwanza uifunge peke yake.